Raki ya nyoka: juu wanaungua, chini wanaganda, na themostati inasema mambo shwari

Chatu_Mpole (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite salama.

Nina raki ya plaiwudi niliyoigonga mwenyewe. Ngazi 8, kila ngazi droo 3 za plastiki, jumla droo 24. Wakazi wote ni Python regius, wale chatu wafupi wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Utepe wa joto umepita chini ya theluthi ya nyuma ya kila droo, themostati (kile kifaa kinachowasha na kuzima joto) ni moja, sensa yake ni moja, imebanwa juu ya utepe wa ngazi ya 4. Nimeiweka digrii 32.

Miezi mitatu nzima nilikuwa napita, natazama kioo cha themostati, naona 32, naenda zangu kulala. Halafu chatu wa ngazi ya chini kabisa akatapika panya siku ya tatu baada ya kula. Panya karibu mzima, kalainika kichwani tu. Wiki hiyohiyo nikaanza kumwona mwenzake wa juu kabisa, kulia: halali nyuma tena. Nikivuta droo asubuhi namkuta kaegemeza pua mbele, upande wa baridi. Usiku hivyohivyo. Mmoja anatafuta joto halioni, mwingine analikimbia, na kioo kinaniambia 32.

Nikapima ngazi moja moja, sakafu ya droo ya katikati, juu ya utepe. Kuanzia chini kwenda juu: 28.4, 30.1, 31.3, 32.0, 32.5, 33.2, 34.1, 34.7. Tofauti ya digrii 6 na kidogo ndani ya raki moja!

Kabla sijapandisha wala kushusha chochote nataka kusikia kwenu.

SitiYaMbele

Nimeweka kambi hapa. Yangu ina ngazi 5 tu na naona dalili hizohizo. Ngoja waje wajuzi.

Napita_Tu

Kwa hiyo wewe unalala nyumba moja na chatu 24 na kinachokunyima usingizi ni kwamba wao wanasikia baridi? Haya. Napita tu.

Fundi_Waya

Mkuu, nianze na kwetu kwenye umeme. Umeunga tepe zako sambamba au mfululizo? Maana kuna jamaa aliniletea raki yake, kaunga tepe sita moja nyuma ya nyingine kama taa za mapambo. Volti zikagawana sita, hakuna hata moja iliyopata moto. Kila utepe unatakiwa upate volti kamili, yaani zote sambamba.

La pili, ni utepe au ni waya? Watu wanachanganya. Utepe una mistari miwili ya shaba pembeni na wino wa kaboni katikati. Ukate mfupi au mrefu, kila sentimita inatoa joto lilelile. Waya wa joto ni kitu kingine: ni ukinzani mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiukata nusu, ukinzani unapungua nusu, nguvu yote inakuwa mara mbili, na imebanwa kwenye nusu ya urefu. Kila mita sasa inatoa joto mara nne. Waya haukatwi, period.

Na ukikata utepe, ile shaba iliyobaki wazi kwenye ncha ina umeme kamili. Funika ncha zote mbili, hata ile isiyo na waya. Nyoka anakojoa, maji yanatafuta njia.

Chatu_Mpole

Ni utepe, na nimeunga sambamba. Nimepima kwa multimita, volti ni zilezile ngazi ya 1 hadi ya 8. Ncha nimefunika. Kwa hiyo umeme hauna kesi.

Kobe79

Sasa kama umeme hauna kesi, ngoja nikuulize swali la kijinga: umepima kwa nini? Kama ni ile bunduki ya infraredi, inayopima joto kwa kulenga bila kugusa, na chini ya droo umepiga utepe wa alumini unaong'aa, hizo namba zako zichome. Alumini inayong'aa haitoi infraredi kama inavyotakiwa, inaakisi ya vitu vilivyo mbele yake. Bunduki inaona joto la ukuta na la uso wako inakuletea kama ndilo joto la utepe. Mimi ilinisomea 26 mahali ambapo kidole kilikuwa hakivumilii.

Bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya alumini, subiri dakika chache kishike joto, ndipo ulenge hapo.

Chatu_Mpole

Hizo nilipima ndani, kwenye plastiki yenyewe, haing'ai. Lakini umenishtua, nimeenda kuhakiki kila kipimo nilicho nacho. Nimechukua jagi, nikajaza barafu iliyopondwa, nikaongeza maji kidogo hadi ikawa uji mzito, nikakoroga. Hapo lazima isome 0. Vipimajoto viwili vimesoma 0.2 na 0.3, safi. Cha tatu, kile chenye kioo kidogo nilichokuwa nakiamini kuliko vyote, kimesoma 1.9. Kimeenda kwenye droo la betri kuukuu. Halafu nikafunga sensa zote pamoja na mpira, nikazitumbukiza kwenye chupa ya maji ya vuguvugu nione kama zinakubaliana kwenye 30 na kitu, maana barafu peke yake haitoshi, nyoka hawaishi kwenye 0.

Namba za mwanzo zimebaki zilezile. Tatizo ni la kweli.

MamaMagamba

Mwanangu, mimi raki ya kwanza nilijenga zamani hata themostati zilikuwa za kubahatisha, acha nikwambie nilichochelewa kukijua. Utepe wa joto haujui digrii. Unajua kuongeza tu. Unachukua hewa iliyo pale ulipo na kuipandisha kiasi fulani, basi. Hewa ya ngazi ya chini ikiwa 22 na ya juu 28, tepe zote zikiongeza kiasi kilekile, sakafu za droo zitapishana hizohizo digrii 6. Na themostati inajua mahali pamoja tu, pale sensa ilipo. Kwako inajua ngazi ya 4. Zilizobaki saba zinabahatika.

Kwa hiyo usitafute dawa kwenye themostati kwanza. Tafuta kwa nini hewa ya chini si hewa ya juu. Chini kuna sakafu baridi na mlango unaopitisha upepo. Juu kunapokea joto la ngazi saba zilizo chini yake. Weka kipimajoto kitupu, bila utepe, ngazi ya 1 na ya 8, uniletee majibu.

Chatu_Mpole

Mama, nizime umeme wa raki saa nzima? Au naacha umewaka?

MamaMagamba

Usizime, utawapa baridi watoto wa watu. Pima hewa ya mbele ya droo, upande usio na utepe, huku kila kitu kikiendelea.

Chatu_Mpole

Ngazi ya 1: 22.8. Ngazi ya 8: 28.3. Chumba chenyewe, katikati, 24.

Mama nakuamkia tena, shikamoo.

SitiYaMbele

Kwa hiyo suluhisho ni feni ndogo zile za kompyuta, uchanganye hewa?

Kobe79

Hapo sikubali moja kwa moja. Kwenye kabati lenye mlango uliofungwa, feni ndogo inayozungusha hewa taratibu inasaidia kweli. Kwenye raki iliyo wazi mbele kama ya mleta mada, feni itapuliza joto nje na kukausha droo. Utasawazisha digrii halafu uanze uzi mwingine wa nyoka anayevua gamba vipande vipande.

Fundi_Waya

Mimi nakaa upande wa feni, ila ndani ya kabati tu. Kwenye raki wazi Kobe yuko sahihi, leo tu.

Chatu_Mpole

Ripoti baada ya wiki mbili. Niliyofanya ni haya, kwa mpangilio nilioufanya, na makosa yake.

Nilianza na mianya. Nilichukua karatasi ya kawaida nikajaribu kuipitisha kati ya droo na utepe. Sehemu nyingi iligoma. Ngazi ya 2 na ya 5, droo za katikati, karatasi ilipita kama barua chini ya mlango, nikakunja mara nne bado inapita. Plaiwudi imepinda katikati kwa uzito, droo inaning'inia kwenye kingo zake, na kati yake na utepe kuna hewa. Hewa ni kizuizi kizuri cha joto, ndiyo maana tunajaza mapovu kwenye vitu. Nimepigilia kipande cha mbao chini ya kila rafu kuinyoosha. Droo ya ngazi ya 2 peke yake imepanda digrii 1.4 kwa kitendo hicho, bila kugusa themostati.

Kisha stairofomu, yale mapovu magumu meupe ya kuzuia joto. Nimebandika nyuma yote, pembeni kote, na nene zaidi chini ya ngazi ya 1, raki ikanyanyuliwa kutoka sakafuni. Kosa langu: mwanzo nilifunika na juu. Ngazi ya 8 ikafika 35.6 jioni ileile, nikaitoa mbio. Juu ndiko kuna joto la ziada, kwa nini nilizuie lisitoke? Sasa paa la raki liko tupu, plaiwudi tu, na joto linajitokea lenyewe.

Baada ya hapo sensa. Nimeihamisha kutoka ngazi ya 4 kwenda ya 8, kwenye joto kuliko kote. Nilisita, kwa sababu chini kungezidi kuwa baridi. Lakini nyoka aliye kwenye digrii 2 pungufu nina siku za kumrekebishia. Aliye juu ya utepe unaozidi anaungua magamba ya tumbo usiku mmoja, na wanavyofanya hawa ni kulala hapohapo. Ana matundu ya kuhisi joto mdomoni anayoweza kumwonea panya gizani, na bado atajikunja juu ya kitu kinachomchoma tumbo. Huwa nashindwa kulielewa hilo.

Hali sasa, kutoka chini: 30.2, 31.0, 31.1, 31.4, 31.6, 31.7, 31.9, 32.0. Digrii 6.3 zimekuwa 1.8.

Kobe79

Hiyo kazi. Sasa kwa nini usiingize sensa ndani ya droo kabisa, ipime anapolala mwenyewe?

Chatu_Mpole

Nimewahi. Aliisukuma hadi kwenye bakuli la maji. Sensa ikasoma maji baridi, themostati ikaona baridi, ikamwaga moto. Nilirudi nikakuta sakafu iko 41. Bahati alikuwa amekimbilia mbele. Tangu siku ile sensa inakaa nje, kati ya utepe na droo, imefungwa kwa utepe wa gundi na kubanwa kwa kibanio pia, maana gundi inachoka kwa joto. Napima ndani mara moja, naona ndani ni pungufu kwa digrii ngapi, naiongeza kwenye mpangilio.

MamaMagamba

Na weka themostati ya pili, mwanangu. Ile ya kwanza inapokea umeme kupitia ya pili, ya pili umeiweka digrii 2 au 3 juu zaidi, na sensa yake mwenyewe. Kila siku haifanyi kazi yoyote. Siku rilei (swichi ya ndani) ya ile ya kwanza ikigandia kwenye kuwasha, na rilei hugandia, ndiyo itakayokata.

Jambo jingine sijaona mkilitaja: matandiko. Umeweka nini na unene gani?

Chatu_Mpole

Magome yaliyosagwa, kama sentimita 4 hadi 5 kwenye zingine. Zingine karatasi tu.

MamaMagamba

Basi unapima vitu viwili tofauti unaviita jina moja. Matandiko mazito ni blanketi. Juu yake unaweza kusoma 27 na chini yake sakafu ni 34. Wewe utaona baridi, utapandisha. Yeye atachimba, kama kawaida yao, atafika chini, atalala kwenye 36 yako. Pima sakafuni siku zote, palipo na utepe weka matandiko membamba, na unene wa droo zote uwe mmoja.

Na kabla hamjaanza kushindana nani kafikia 0.1: tunasawazisha droo na droo. Ndani ya droo lazima pawe na joto nyuma na ubaridi mbele, 31 hadi 33 huku, 25 hadi 27 kule, ili yeye ndiye achague. Nimeona raki ya mtu, utepe umejaza chini ya droo nzima, kila kona 32, anajisifu imenyooka. Nyoka hana pa kukimbilia.

SitiYaMbele

Hapo nimeguswa. Utepe wangu unafika nusu ya droo. Kesho nafumua.

Fundi_Waya

Mkuu Chatu_Mpole, hiyo 1.8 unaweza kuiua ukitaka. Njia mbili. Moja, gawa raki kanda mbili, ngazi 1 hadi 3 themostati yake, 4 hadi 8 yake. Mbili, dima, kile kitufe cha kuzungusha kupunguza umeme, kwenye tepe za juu ili zipunguze nguvu kidogo. Ukitumia dima jua hesabu yake: nguvu inafuata mraba wa volti, ukishusha volti asilimia 10 nguvu inashuka asilimia 19. Zungusha kwa adabu. Na dima ni kwa themostati ya kuwasha na kuzima tu. Kama yako ni ile inayokata wimbi la umeme yenyewe ili ipunguze nguvu taratibu, usiifunge dima mbele yake, zitagombana.

Kobe79

Njia ya tatu ni ya bure: usilazimishe. Ngazi ya chini waweke nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, wao wanaridhika na 28 hadi 30.

MamaMagamba

Na ya nne ni kupasha chumba. Chumba kikiwa 26, utepe unabakiwa na kazi ya kuongeza digrii 6 tu. Kikiwa 20 unaongeza 12, na kila dosari ya plaiwudi na mianya inakuzwa mara mbili. Wenye nyoka mamia wengi hupasha chumba kwanza.

Chatu_Mpole

Nimechagua kanda mbili. Na nimefunga sensa za DS18B20, nane, zote kwenye waya mmoja maana kila moja ina namba yake, zinaandika kila dakika 5. Kosa lake ni nusu digrii kwa maandishi ya kiwandani, ila nimezilinganisha zote kwenye chupa ya maji, najua kila moja inadanganya kiasi gani.

Tofauti sasa ni 0.7 mchana kutwa. Aliyetapika nilimpumzisha wiki mbili, nikampa panya mdogo, siku ya sita leo na hajamtapika.

Lakini grafu imenionyesha kitu sikielewi. Kila usiku, karibu saa nane hadi saa kumi na moja, ngazi ya 4, 5, 6 na 7 zinashuka pamoja digrii 0.6. Ngazi ya 8 imenyooka kama rula. Kanda ya chini, 1 hadi 3, haitikisiki. Chumba hakijabadilika, nimeangalia. Volti sijaamka kupima.

Fundi_Waya

Volti za usiku zingepanda, si kushuka, watu wamelala. Na zingegusa kanda zote mbili.

Kobe79

Baridi ya nje kupitia dirishani?

Chatu_Mpole

Ingegusa ya chini kwanza.

MamaMagamba

Ngazi ya 8 imenyooka kwa sababu sensa iko pale. Kuna kitu kinaipasha ngazi ya 8, themostati inaona imetosha, inapunguza moto kwa kanda nzima, na hao wanne wengine wanalipa. Usitazame kinachozipoza hizo nne. Tazama kinachopasha paa.

SitiYaMbele

Hapa ndipo naipenda siti yangu.

Chatu_Mpole

Jana niliweka kengele saa tisa usiku, nikaenda na tochi.

Ni paka. Kalala juu ya raki, katikati kabisa, pale pale nilipotoa stairofomu ili joto litoke. Kajikunja mviringo, tumbo chini, digrii 38 zake zote juu ya sensa yangu. Kanitazama, kafumba macho.

Napita_Tu

Nimerudi. Kwa hiyo paka ndiye mwenye themostati.

Chatu_Mpole

Nimetengeneza kichaga cha mbao chenye miguu, sentimita 10 juu ya paa la raki, hewa ipite chini yake. Nimempa hicho. Usiku wa jana ngazi ya 4 hadi 7 zimeshuka 0.1. Yeye kalala kitandani kwangu.